Mama mwenye shamba anataka tuvune vanila changa usiku, nami namdai

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kasese, Uganda. Nafanya kibarua cha vanila kwa mama mmoja huko juu vilimani, upande wa Bukonzo. Shamba lake si kubwa, ni kama eka moja hivi, vanila imepandwa katikati ya migomba na kahawa. Msimu ukifika anachukua watu wanne au watano, na mimi sikosi. Maua yakichanua nachavusha, maganda yakikomaa navuna.

Kwanza nataka ujue kwamba huyu mama si mtu mbaya. Mafuriko ya Mto Nyamwamba ya Mei 2020 yalitukuta Kilembe, chumba tulichopanga kikaenda na maji pamoja na vyombo vyote. Hakuwa ndugu yangu, lakini alitupa chumba cha nyuma ya nyumba yake tukakaa mpaka tukapata pa kuhamia, wala hakutudai hata shilingi. Nikimwita Mama namwita kwa moyo.

Shida ilianza msimu uliopita. Alitulipa nusu ya pesa, akasema nusu ya pili atatupa akishauza. Akauza, bei ikawa chini, akatuomba tuvumilie. Mimi namdai shilingi 180,000 mpaka leo. Hatukuandikishana popote, ni maneno ya mdomo tu.

Sasa wiki jana alituita jioni jikoni kwake. Kuna mnunuzi mmoja wa pikipiki anayetaka vanila sasa hivi, kabla ya tarehe ya serikali ya kuanza kuvuna. Anakuja usiku na analipa taslimu. Mama anasema tusipovuna sisi, wezi watatuvunia, na kweli jirani yake ameibiwa majuzi, wakakata na mashina. Tena watoto wake wawili wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kwa hiyo anataka tuingie shambani usiku na tochi. Nilimwambia, "Mama, maganda haya bado." Akanijibu, "Mwanangu, urefu umetimia, unataka yarefuke mpaka wapi?" Akaniambia pia nimlete kijana wangu mkubwa, ana miaka 13, kwamba vidole vyake ni vyepesi na atamlipa kama mtu mzima.

Wenzangu wamekubali. Nikikataa atatafuta mtu mwingine, na zile 180,000 ndiyo basi tena. Nikikubali, naogopa kukamatwa. Kaka yangu anasema niende polisi nikamshtaki. Shangazi, mimi siwezi kumpeleka polisi mtu aliyewalaza watoto wangu walipokuwa hawana pa kulala.

Halafu kuna mikono yangu. Kila nikivuna, ule utomvu ukinidondokea ngozi inawasha, vipele vinatoka mpaka kwenye viwiko. Wenzangu wengine hawapati hivyo, na jirani ananiambia hilo ni jicho la watu. Nifanye nini?

Mvunaji, Kasese

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yote.

Usiende shambani usiku huo. Kijana wako asiende kabisa, hata kama wewe utashindwa nguvu ukaenda. Polisi usikimbilie, kuna mlango mwingine wa kupitia kwanza. Na deni lako lidai, kwa sababu ni haki yako, na fadhila ya mwaka 2020 haikulifuta.

Nianze na kijana maana hapo sina mjadala. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi. Aliye chini ya miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, chini ya uangalizi wa mtu mzima, isiyomharibia masomo. Kuingia gizani katika shamba ambalo wezi wanalivizia, na panga mkononi, siyo kazi nyepesi. Mwambie Mama kwa upole kwamba mtoto atakuja mchana wa Jumamosi kukusaidia kubeba kikapu, lakini usiku hatoki nyumbani. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Sasa hayo maganda. Mama amesema urefu umetimia, naye hasemi uongo. Ganda la vanila linamaliza kurefuka ndani ya wiki sita hadi nane tu tangu ua lichavushwe. Ukilitazama likining'inia kwenye kishada unaona limefika. Lakini linahitaji miezi minane au tisa ili likomae, na muda wote huo uliobaki kazi inafanyika ndani, mahali jicho halioni. Harufu ambayo dunia inainunua inajijenga katika miezi ya mwisho. Wewe mwenyewe umelishika ganda lililoiva na unalijua: ule ukijani wa giza unapauka, na ncha ya chini inaanza kuwa ya manjano. Likiachwa siku nyingi zaidi ncha inapasuka, nalo linashuka daraja. Tena katika kishada kimoja hayaivi pamoja, kwa kuwa maua hayakuchanua siku moja. Leo lilichanua hili, kesho lile, nawe ulipita kila asubuhi ukichavusha moja moja kabla halijanyauka. Kwa hiyo na kuvuna ni hivyo hivyo, unapita, unachukua yaliyo tayari, unaacha mengine, siku chache baadaye unarudi. Nani anaweza kuona ncha ya manjano kwa mwanga wa tochi? Usiku mtakata kishada kizima, machanga na machanga zaidi, mtumbukize gunia moja.

Na hasara yake inaanguka kwa Mama kabla ya mtu mwingine. Hata vanila iliyokomaa vizuri inahitaji kama kilo tano au sita mbichi ili kupata kilo moja kavu, baada ya kuitia maji ya moto, kuifunika iote joto, kuianika na kuihifadhi kwa miezi. Ile changa inatoa kidogo zaidi, haina harufu, na inashika ukungu upesi. Mnunuzi wa pikipiki analijua hilo kuliko sisi sote, ndiyo maana bei yake itakuwa ya kutupa na mzani wake hautasomeka gizani. Wizara ya Kilimo hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna kila msimu, ule mkubwa wa Juni na Julai na ule mdogo wa Desemba na Januari, kwa sababu nchi ikijulikana kwa vanila isiyo na harufu wanunuzi wakubwa wanahama, na mkulima wa eka moja ndiye anayebaki na mzigo wake. Vanila changa ikikamatwa njiani inachukuliwa, na aliyekutwa nayo analala ndani. Wenye pikipiki wana njia zao za kuponyoka. Kibarua aliyebeba gunia hana.

Lakini kuna neno moja ambalo nadhani ndilo litakalomgeuza Mama kuliko sheria zote. Muulize: huyu bwana anayekuja usiku, analipa taslimu, na hamuulizi mtu vanila hii imetoka shamba la nani, nani mwingine anamuuzia? Waliokata mashina ya jirani hawali vanila. Hawana pa kuianika. Hawawezi kusubiri tarehe. Wanahitaji mtu wa namna hii hii. Siwezi kusema kwamba ndiye aliyenunua ile ya jirani, sina ushahidi, nawe usimtaje hivyo mbele za watu. Ila mnunuzi wa vanila changa ya usiku ndiye soko la wezi, na kila shamba linalomuuzia linampa sababu ya kurudi kijijini. Mama anafikiri anawakwepa wezi kwa kumuuzia.

Hofu yake lakini ni ya kweli, na usiende kwake kama mtu wa kumfundisha. Wewe unayaona maganda, yeye anaona watoto wawili wamekaa nyumbani wakati wenzao wako darasani. Muhula wa pili unafunguliwa mwishoni mwa Mei au karibu na hapo, na vanila inaruhusiwa Juni au Julai. Katika wiki hizo chache mwenye shamba ana mali inayoning'inia mitini lakini mfukoni hana kitu. Na bei yenyewe imewachezea wakulima vibaya. Mwaka 2017 kimbunga Enawo kiliipiga Madagaska, ambako ndiko vanila nyingi ya dunia inakotoka, bei ikapanda mpaka kwenye dola 600 kwa kilo kavu, na watu wa kwetu wakapanda vanila kila penye mti. Mwaka 2020 serikali ya Madagaska ikaweka bei ya chini ya kuuzia nje, dola 250, na mwaka 2023 ikaiondoa. Bei ikaporomoka mpaka huku kwetu. Mama yako hakuyasababisha hayo, wala wewe.

Ndiyo maana nakuambia zungumza naye, na uzungumze vizuri. Nenda mchana, peke yako, siyo jioni mbele ya wenzako ambao wameshakubali, maana hapo atalazimika kushikilia neno lake. Nenda na kitu mkononi, hata sukari robo, uulize hali za watoto kwanza. Kisha mwambie wazi: "Mama, mimi usiku sitaweza. Lakini sitaki vanila yako iibiwe, na nimekuja tuone tutafanyaje mpaka tarehe ifike." Usiseme utafikiria. Ukisema utafikiria atakuhesabu kwamba umo.

Mpe la kushika. Kuhusu wezi, wenye mashamba jirani wapange zamu ya kulinda, watu kadhaa kwa pamoja na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akiwa na majina yao. Asilinde mtu mmoja, asilinde mtoto, na wewe usijitolee kulala shambani kwa ajili ya urafiki. Kuhusu maganda, kuna jambo ambalo wakulima wa Madagaska wanalifanya siku nyingi: wanachoma alama kwa ncha za pini kwenye ganda likiwa bado bichi, herufi mbili tatu za mwenye shamba. Kovu linabaki hata ganda likishakauka kabisa. Ni kazi ya mikono, ganda kwa ganda, na wewe unaiweza mchana. Halizuii wizi wote, lakini mwizi anajua kwamba mzigo wake utamsema. Kuhusu karo, aende kwa mwalimu mkuu pamoja na mwenyekiti wa LC1, aombe watoto warudi darasani na aandike ahadi ya kulipa vanila ikiuzwa. Shule za maeneo ya kahawa na vanila zinajua pesa ya wazazi inakuja na mavuno. Kama yumo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, mkopo mdogo wa mwezi mmoja ni nafuu kuliko kuuza msimu mzima kwa bei ya vanila changa.

Hapo tunafika kwenye pesa yako, na naomba unisikilize hapa kwa makini kwa sababu umeandika kana kwamba deni hilo ni jambo la aibu. Mpango wa "nikiuza nitakulipa" umekutia kwenye hasara ya mwenye shamba bila kukutia kwenye faida yake. Jiulize, miaka ile bei ilipokuwa juu, kibarua chako kilipanda nayo? Kama hakikupanda, basi bei ikishuka nacho kisishuke. Wewe uliuza siku zako za kazi, na kazi ilifanyika.

Kazi yenyewe si ya kudharauliwa. Vanila ni mmea wa kutoka Mexico, na kwetu hakuna mdudu anayeichavusha. Ua linachanua asubuhi moja tu, na lisipoguswa asubuhi hiyo ganda halipatikani. Namna ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba, hiyo hiyo unayoifanya wewe, iligunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion. Watu walitajirika kwa ugunduzi wake, naye akafa maskini mwaka 1880. Mimi habari hiyo inaniuma kila nikiikumbuka, na sitaki ukubali kirahisi kwamba mwenye mikono ndiye wa kungoja mwisho.

Usitegemee kima cha chini cha mshahara. Kile kilichowekwa kisheria Uganda ni cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na leo hakikusaidii chochote. Kinachokulinda ni makubaliano yenu. Makubaliano ya mdomo yanatambulika kisheria, kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa hamkuandikishana huna haki. Ila yanahitaji shahidi, na mashahidi wako ni hao wenzako mliovuna nao. Msimu huu nunua daftari la kurasa chache. Kila jioni andika tarehe, kazi mliyofanya, kiasi mlichopatana na kiasi alicholipa, naye aweke sahihi au dole gumba. Mwombe alipe sehemu kila wiki badala ya kungoja mauzo. Na lile deni la zamani liandikwe ukurasa wa kwanza: shilingi 180,000, litalipwa kwa mafungu mangapi, kuanzia lini. Akiweza kukupa 30,000 kwa mwezi, pokea, andika. Si lazima upate zote kwa mpigo ili ujue kwamba anakuheshimu.

Akikataa kuandika, au akikuambia kwamba kwa kuwa hukuja usiku huna deni, hapo huna budi kwenda mbele, na kwenda mbele siyo kumfunga mtu. Baraza la LC1 lina mamlaka ya kusikiliza madai ya deni yasiyozidi shilingi milioni 2, na linawaketisha wote wawili chini ya mti au barazani kwa mwenyekiti mkiwa watu wa mtaa mmoja. Kama halikusaidia, ofisi ya wilaya ina afisa wa kazi ambaye kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya mshahara. Nenda na daftari na mashahidi.

Kaka yako anataka polisi kwa sababu anakupenda, nami namwelewa. Lakini Mama bado hajakatwa neno na mtu yeyote. Wote mlionyamaza jikoni mmemfanya aone jambo hili ni la kawaida. Mpe nafasi ya kusikia "hapana" kutoka kwa mtu anayempenda. Wako watakaosema kwamba ukishajua ni lazima uripoti. Mimi naona ukisema kwa mdomo wako, ukakataa kuwamo, na ukamwonyesha njia nyingine, umefanya sehemu yako. Isipokuwa ukisikia vanila ya jirani inapita kwa mnunuzi huyo. Hapo si siri ya Mama tena, ni wizi, na mwenyekiti anapaswa kujua siku hiyo hiyo.

Na kama wenzako wataenda na nafasi yako ikachukuliwa? Inawezekana, sitakudanganya. Lakini wanaojua kuchavusha bila kupasua ua ni wachache, na kuanzia Septemba maua yakianza, kila shamba la vanila linatafuta mikono ya namna hiyo. Anza kuuliza sasa kwenye mashamba mengine, kwa utulivu, bila kutangaza ugomvi.

Kuhusu mikono yako, hakuna jicho la mtu hapo. Utomvu wa vanila una chembe ndogo sana za kalsiamu oksaleti, zenye ncha kali kama sindano, ambazo jicho halizioni. Zinaichoma ngozi na kuiwasha, na ngozi za watu hazifanani, ndiyo maana wenzako wengine hawapati. Vaa shati la mikono mirefu lililofungwa kwenye kifundo cha mkono, na glavu. Usijifute jasho usoni kwa mkono uliokata vanila, hasa karibu na macho. Ukimaliza, nawa papo hapo kwa maji mengi na sabuni, usingoje kufika nyumbani, na lile shati lifuliwe peke yake. Glavu ziombe kwa Mama katika mazungumzo yale yale ya daftari, maana Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Vipele vikitoa maji au mkono ukivimba, nenda kituo cha afya, na usisahau kumwambia mhudumu kwamba unavuna vanila, asije akakutibu upele wa kawaida.